Chuma na Ukakasi

Nesi anaita, "Siku... Dani?"
Naitika. Jina langu hupoteza herufi
kila lipitapo mlango wa zahanati hii.
Anasoma karatasi: akiba yangu ya chuma ni nne.
Ingepaswa kuzidi thelathini.
Middlesbrough hapa,
mji ulionyonyeshwa na tanuri,
wenye daraja la chuma juu ya mto wake,
mimi nimeishiwa chuma.

"Unakula nini?"
Maharage. Dengu. Spinachi ya mfuko. Ugali Jumapili.
"Na ukila, unakunywa nini?"
Swali gani hilo? Kama kumuuliza mtu anavuta pumzi ya nini.
Chai.

Anageuza bahasha, anachora:
vidoti vinashuka tumboni, hivyo ndivyo chuma.
Kisha tanini za chai, anazichora vidole;
zinavidaka vidoti, zinavifumbata,
zinatoka navyo mpaka chooni.
"Hasa chuma cha mimea. Cha nyama huponyoka."
(Nyama! Kwa bei za hapa!)
"Hukujua?"
"Sikudhani," namjibu,
na kwa mara ya kwanza jina langu
linatamkwa lote ndani ya chumba kile.

Narudi kwa miguu, Barabara ya Linthorpe, mvua ya kunyunyiza.
Nakumbuka ukakasi ule,
ulimi ukijikunyata baada ya funda la chai ya rangi.
Nilidhani ni ladha tu.
Kumbe ni vidole vilevile,
vinaanza na mate kinywani
kabla ya kushukia riziki ya damu.

Basi ndiyo maana.
Miezi mitatu natafuna barafu usiku,
kru, kru, mbele ya friji wazi, kama panya mwenye deni.
Ngazi za nyumbani ni kumi na tatu; napumzika mara mbili.
Kitana kinanidai nywele.

Lakini chai nitaishtaki kwa nani?
Saa tisa usiku ghalani, maboksi yakipita kwenye mkanda,
nani mwingine alinishika mkono?
Kafeini ilipanda ubongoni, ikakalia kiti cha usingizi;
usingizi ukaja, ukakuta kiti kina mtu,
ukarudi ulikotoka ukinung'unika.
Nyuma yake theanini, mpole asiyetajwa,
akinong'ona: taratibu, moyo wa mtu si ngoma.
Kahawa hunikesha kwa ugomvi.
Chai hunikesha kama dada.

Shoga anayekupekulia pochi
na bado ndiye anayekubebea mtoto:
utamfukuzaje mezani?

Namweleza jirani yangu, Doreen,
miaka themanini na miwili, mjane wa Wilf
aliyemimina chuma cha moto tangu ujana hadi kustaafu.
Anasikiliza huku anajaza birika.
"Wilf alikunywa vikombe kumi kwa zamu, nyeusi kama lami.
Mapafu ndiyo yaliyomuua. Damu yake haikuwa na neno."
Anafikiri.
"Ila alikula maini kila Alhamisi. Nikiyachukia, nikiyakaanga."

Nimekula maharage na nusu chungwa, saa saba na robo.
Chungwa humsindikiza chuma, alisema nesi;
chai na isubiri saa nzima.
Tunasubiri.
Birika linachemka, linajizima, linapoa.
Doreen analichemsha tena, bila sababu.
Dirishani hakuna moshi; geti la kiwanda cha Wilf
lilifungwa, likauzwa kwa kilo.

Nami nasikiliza tumbo langu:
kidoti kimoja, kingine, kingine,
vinapita ukutani kuingia damuni
kama wanaume wa zamu ya alfajiri,
kofia kichwani, chakula kwapani,
na hakuna wa kuwadaka langoni.

Saa nane na robo. Doreen anamimina.
Funda la kwanza, ulimi unajikunyata.
Karibu, mwizi wangu.
Leo umechelewa.